Mfiwa Havurugi Msiba Wake

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa masweta mawili chini ya koti jeusi, na bado meno yaligongana. Nilikuwa nimetoka Rungwe nikidhani baridi naijua. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba ina upepo wake, na upepo huo haukuti mti wa kuuzuia. Mahakama ya Mwanzo niliyopangiwa, upande wa Kate, ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mabenchi na dirisha lililozibwa kwa kipande cha bati. Karani wa mahakama, mama wa makamo aliyekwisha kuwaona mahakimu wengi wakija na kuondoka, alinitazama nikitetemeka akasema, "Shauri la kwanza ni la mbuzi, mheshimiwa. Wamekula ulezi wa watu."

Ndivyo nilivyoanza uhakimu. Ninyi mnaoanza leo mna kompyuta, na wadaawa wenu wanakuja na mawakili. Enzi zetu Mahakama ya Mwanzo haikuwa na wakili. Mlalamikaji alisema mwenyewe, mshtakiwa alijibu mwenyewe, nami niliandika kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kando yangu walikaa wazee wa baraza wawili, raia wa kawaida ambao sheria iliwataka watoe maoni kabla ya hukumu. Niliwategemea sana, maana Kifipa sikukijua, na mtu akikasirika huacha Kiswahili mlangoni.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Hakimu Mfawidhi, ndiye msimamizi wa mahakimu wote wa wilaya. Alikuwa mtu mkavu, mfupi wa maneno. Alipokuja kunikagua alisoma hukumu zangu zote akiwa amesimama, kisha akaniambia, "Binti, humu ndani watu watatukanana mpaka masikio yakuume. Usimfunge mtu kwa sababu amekuudhi. Mfunge kwa sababu amevunja sheria, na kifungu ukioneshe."

Nilihama Kate nikaenda Mollo, nikahukumu mipaka ya mashamba, ndoa zilizovunjika na ngumi za vilabuni. Kisha nikapelekwa kituo cha tatu, ambacho sitakitaja kwa sababu watoto wa wahusika bado wanaishi huko. Mambo ninayotaka kuyaeleza yalitokea huko. Nimestaafu, najua mzee anapaswa kusimulia kwa upole. Kwa hili sina upole.

Katika kata ile palikuwa na nesi aitwaye Anjelina. Alizalisha wanawake, alichanja watoto, na wanawake waliotaka kupumzika kuzaa aliwapa sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Hilo la mwisho halikuwafurahisha wote. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki, na katekista wa kigango alibishana naye waziwazi, hata sokoni. Jioni moja ya masika Anjelina alipanda pikipiki ya zahanati kwenda kumzalisha mama aliyeshikwa na uchungu. Pikipiki iliteleza kwenye tope ikaanguka darajani. Dereva alipona. Yeye hakupona.

Siku ya maziko, jeneza likiwa limeshushwa pembeni ya kaburi, kiliingia kikundi cha maombi kisicho na jengo wala mchungaji anayejulikana. Kiliongozwa na mtu aliyejiita Mwinjilisti, mfanyabiashara wa zamani kutoka Mbeya. Walikuwa na mabango na kipaza sauti cha betri. Bango moja liliandikwa "MUUAJI WA WATOTO." Mwinjilisti akapaza sauti kwamba Mungu amelipiza darajani, na kwamba watoto wawili wa marehemu, waliokuwa wamesimama pale na sare zao za shule, wajiulize mama yao amelala wapi usiku huu. Mama mzazi wa Anjelina alianguka. Wanaume waliokuwa na majembe walianza kuyanyanyua, na kama katekista asingejitupa katikati, siku ile yangechimbwa makaburi mengine.

Mwinjilisti aliletwa mbele yangu kwa kosa la kuwasumbua watu waliokusanyika kuzika, kwa nia ya kuumiza hisia zao. Hakuonekana kutishika. Kwa kuwa ni mtu wa kwetu, alijaribu kwanza kunisalimia kwa Kinyakyusa. Nilimwambia hapa kuna lugha moja tu. Akajitetea kwa Kiswahili safi.

"Mheshimiwa, Katiba inanipa haki ya kutoa maoni yangu. Kama maoni yangu yanauma, kuuma si kosa. Na tena, watani wanafanya nini msibani? Wanamcheka marehemu, wanalala ndani ya kaburi, wanadai walipwe ndipo watoke. Mbona hao hawakamatwi?"

Niseme kweli, lilikuwa swali zuri, na lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa baraza aliyekaa kulia kwangu, Mzee Kosmasi, mkulima wa mahindi aliyekuwa mzito kusema, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Mtani akimaliza kutania, anashika jembe," alisema. "Anachimba, anafukia, anabaki kuwalisha wafiwa. Wewe ulishika jembe?"

Mwinjilisti akaomba tuendelee na mashahidi.

Katekista naye alitoa ushahidi. Nilimuuliza kama si kweli kwamba hata yeye aliipinga kazi ya Anjelina. "Niliipinga, mheshimiwa, na bado naipinga," alijibu. "Nilibishana naye kila tulipokutana. Lakini nilibishana naye akiwa hai, na alikuwa ananijibu. Mara nyingi alinishinda." Kisha akaomba maji.

Nilimtia Mwinjilisti hatiani, nikampa miezi mitatu. Niliiandika hukumu ile kwa uangalifu kuliko zote za maisha yangu, nikikumbuka maneno ya Hakimu Mfawidhi. Niliandika kwamba mshtakiwa ana haki ya kuamini anachoamini kuhusu uzazi wa mpango, na kukisema sokoni, kanisani kwake, hata mlangoni pa zahanati. Kwamba haadhibiwi kwa maoni yake. Anaadhibiwa kwa sababu alichagua watu wasioweza kuondoka, mbele ya maiti isiyoweza kumjibu, akawapiga watoto kwa maneno. Niliamini kwamba mtu yeyote anayejua kusoma angeelewa.

Afisa Tarafa alijua kusoma. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye shahada, anayepigiwa makofi mikutanoni. Alichukua hukumu yangu, akachomoa sentensi moja inayosema kwamba uhuru wa kusema una mpaka wake kwenye kaburi, na zilizobaki akaziacha. Wiki hiyo likatoka tangazo kwa watendaji wote wa vijiji, kwamba msibani hatasema mtu ila mwenye kibali, na hatatamka neno lolote la kulaumu mtu au taasisi, "kwa mujibu wa uamuzi wa mahakama." Mahakama hiyo ni mimi. Nilimwandikia kumweleza kuwa sikuamua hivyo. Hakujibu.

Kabla ya mavuno akafa binti wa Mzee Kasiano.

Kasiano alikuwa mkulima wa kijiji cha mbali, mgane, mwenye binti mmoja tu. Binti alishikwa na uchungu wa uzazi ukamzidia. Waliita gari la wagonjwa, wakaambiwa limetoka. Wakamweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alifia njiani, na mtoto tumboni. Baadaye wanakijiji waliona gari lile likirudi, nyuma limebeba mifuko ya saruji ya nyumba ya mkubwa mmoja.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijashushwa, Kasiano alisimama. Hakuwa na kipaza sauti. Alisema maneno machache: kwamba mwanawe hakuuawa na Mungu, ameuawa na saruji, na kwamba waliotuma gari wanajulikana. Mtendaji wa kijiji alikuwepo na mgambo wawili. Wakamshika mzee wa watu pale pale, ukingoni mwa kaburi la mwanawe, wakamwondoa.

Aliletwa kwangu siku ya pili. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Karatasi ya mashtaka ilinukuu sentensi yangu, ile ile, neno kwa neno. Niliisoma mara mbili.

Nilimuuliza kama anakiri au anakataa. Hakujibu swali. Alisema kitu kwa Kifipa, taratibu, akiniangalia. Mzee Kosmasi aliinamisha kichwa, akachelewa kutafsiri.

"Anasema nini, mzee?"

"Anauliza kama ukimaliza naye atawahi kwenda kuzika. Anadhani wanamsubiri."

Walikuwa wameshazika jana yake. Mtendaji aliamuru wafukie haraka, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Niliyatafuta maneno kwenye Kiswahili nikayakosa, na Kifipa sikuwa nacho. Mzee Kosmasi alitoka kwenye kiti chake cha baraza, jambo ambalo halikubaliki wakati mahakama inaendelea, akaenda kizimbani, akamshika mkono Kasiano, akamwambia. Sikumzuia.

Nilifuta shauri palepale. Niliandika hukumu ya nusu ukurasa: mfiwa hawezi kuvuruga msiba wake mwenyewe. Msiba ni wake. Akilia ni wake, akinyamaza ni wake, akitaja jina la aliyemkosea, pia ni wake. Anayedhani amesingiziwa aende akashtaki, lakini asimkamate mtu aliyesimama kando ya maiti ya mtoto wake. Chini nikaongeza kwamba tangazo la Afisa Tarafa halina msingi wowote katika uamuzi wa mahakama hii.

Kesho yake Afisa Tarafa alikuja ofisini, hakubisha hodi.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimefuta shauri lisilo na kosa."

"Wewe ndiye uliyemfunga yule mhubiri. Leo unageuka? Kwani huyu mzee hakutoa maneno makali msibani?"

"Yule alikwenda kuwaumiza wafiwa. Huyu ni mfiwa aliyeumizwa. Kama tofauti hiyo huioni, baba, shahada yako imekusaidia nini?"

"Maneno ni maneno tu," alisema, akaondoka.

Nilihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Sikupewa sababu, na uhamisho wa mtumishi hauhitaji sababu. Gari la saruji halikuchunguzwa. Mwinjilisti alimaliza kifungo chake akarudi Mbeya. Kasiano nilisikia alifariki mwaka uliofuata, na sijui kama kuna aliyesema neno kwenye maziko yake. Nilimwachia huru, ndiyo, lakini hakuna hukumu niliyojifunza kuandika inayoweza kumrudisha mtu kwenye ukingo wa kaburi atupe udongo kwa mkono wake.

Sasa naishi mjini, upande wa Katandala. Vijana wa mtaani hunipitia, "Shikamoo bibi hakimu," na wengine wanaosoma sheria hukaa kuniuliza mpaka wa maneno uko wapi. Wanataka niwape mstari ulionyooka. Nawaambia mpaka upo, na niliwahi kuuchora mwenyewe. Kisha nawaambia wamwangalie kwa makini mtu anayekuja mbio kuushangilia.

Mwaka jana alifariki mke wa yule Afisa Tarafa. Naye amestaafu, amejenga mjini. Nilikwenda, kwa sababu msiba ni msiba. Makaburini alipewa nafasi ya kusema, akasema kwa muda mrefu, akilia. Alisema mke wake alicheleweshwa hospitalini, daktari hakupatikana, na kama kungekuwa na uwajibikaji angekuwa hai. Alitaja watu kwa vyeo vyao. Viongozi walikuwepo, askari walikuwepo, na hakuna aliyemgusa. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki ya kila neno.

Tulipokuwa tunatawanyika alinishika mkono. "Ahsante kwa kuja, mama. Unisamehe, nimesema sana."

"Umesema ilivyopasa," nilimjibu. "Mzee Kasiano naye alitaka kusema hayohayo."

Alinitazama, macho yake yamevimba kwa kulia. Niliona kabisa kwamba anajitahidi kukumbuka.

"Kasiano," alisema. "Kasiano yupi?"