Meno ya Kupigia Mluzi

Maksai hawalimi kwa kiboko. Anayewachapa hajui kazi. Maksai wangu wawili, Chifu na Karani, walilima kwa vitu viwili tu: mgongo wa Mokami na mluzi wangu.

Mokami alikuwa mke wangu. Yeye alitangulia mbele na kamba, mimi nyuma nimeshika plau. Mluzi mrefu, wanaenda. Mluzi mfupi, wanasimama. Mluzi wa kukatakata, wanageuka, na Mokami anageuka nao bila kuangalia nyuma. Shamba letu nje ya Kehancha tulililima hivyo tangu watoto wetu wakibebwa mgongoni. Shambani hatukugombana. Nyumbani, ndiyo.

Alikufa kiangazi. Ilikuwa presha. Tukamzika pembeni mwa boma, upande wa shamba. Watu wakala, wakaenda zao.

Mawingu ya kwanza yalipokuja niliwatoa maksai nje niwazoeze. Nikapiga mluzi. Ukatetemeka. Jino la chini, la mbele kushoto, lilisogea ulimi ulipoligusa. Nikatema mate. Mekundu.

Damu yenyewe haikuwa mpya. Nilikuwa naiona kwenye mahindi ya kuchoma na kwenye mswaki. Mokami alikuwa akisema, "Gisiri, unapaka ugali rangi." Nilidhani ni uzee. Lakini jino la mluzi kucheza, hilo lilikuwa jambo lingine. Mluzi wangu unatoka kati ya ulimi na meno ya mbele. Yakienda, umekwenda.

Dishon akaja kuniona. Dishon ni wa rika langu, tulitahiriwa pamoja, kwa hivyo anaweza kunitukana apendavyo. Kinywani hana jino hata moja.

"Ng'oa yote," akasema. "Maranga wa pale sokoni atakutolea hata ukiwa umesimama. Mimi sasa nimepumzika. Chakula kinapita tu."

"Piga mluzi," nikamwambia.

Akavuta pumzi, akapuliza. Mate yakanirukia shati.

"Umeona?" nikasema. "Nenda nyumbani."

Halafu akaja Wesley, mtoto wangu. Yeye anauza spea za pikipiki Migori mjini, na akija huja na mipango.

"Tata, hawa ng'ombe wamezeeka. Uza. Nitakuletea trekta, inamaliza shamba asubuhi moja. Na meno nitakununulia ya plastiki."

"Ya plastiki yanapiga mluzi?"

"Sasa utampigia nani mluzi na ng'ombe umeuza?"

Alikuwa ameshanipangia maisha. Meno yatoke, ng'ombe watoke, mimi nikae kwa kiti mlangoni nikingoja uji wa mtu. Nikamwambia kwangu hakitoki kitu.

Helen ndiye alipiga simu. Ni binti yangu, ameolewa Homa Bay na Odhiambo, anauza samaki huko. "Tata, kuna daktari hapa, mama mmoja anaitwa Benta. Haanzi kwa kung'oa. Anaanza kwa kusafisha."

"Nisafishe meno, kwani naenda harusini?"

"Njoo tu, Tata."

Swali langu la harusi halikuwa langu peke yangu. Siku niliyoondoka, wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa kando ya njia na mboga zao.

"Mzee Gisiri anaenda kung'arisha meno."

"Udongo wa Mokami haujakauka."

"Nasikia kuna mjane mmoja Isebania."

Nikasimama. "Nikitaka mke nitaanza na viatu," nikawaambia. "Hivi nilivyovaa, hata mjane wa Isebania atafunga mlango."

Mmoja akacheka. Wengine wakaangalia mboga. Nikaenda.

Benta ni mama wa makamo, mfupi, mikono yake haina haraka. Alinilaza kwa kiti, akachukua kijiti cha chuma chembamba chenye alama, akakichomeka kati ya jino na ufizi. Nilidhani kitagonga mahali. Kilizama. Jino lingine, kikazama tena. Mahali pengine usaha ukatoka.

"Jaduong'," akasema. Ndivyo wanavyomwita mzee kule. "Meno yako ni mazima. Kinachokufa ni kile kinachoyashika."

"Nini kinakiua?"

"Mawe. Uchafu ulikaa ukawa mawe, ukashuka chini ya ufizi, mswaki haufiki huko. Ufizi unavimba, mfupa unaliwa. Nitashuka huko chini niyakwangue. Mfupa ulioisha haurudi. Uliobaki tutaulinda, na ufizi utashika tena."

"Na hili linalocheza?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

Nikampenda hapo. Wote walionishauri mpaka siku hiyo walikuwa na uhakika.

"Unavuta sigara?" akauliza.

"Nalima tumbaku."

"Sikuuliza unalima nini."

"Navuta. Nasokota mwenyewe."

"Basi uache. Nikisafisha na wewe unavuta, tutaonana hapa tena mwaka ujao, na safari hiyo nitang'oa."

Nikatoa kifurushi changu cha tumbaku mfukoni nikampa Helen, aliyekuwa amesimama kando ya kiti. Odhiambo alikuwa amebaki nje, akiangalia barabara. Kwetu na kwao ni kitu kimoja: mkwe hasimami akimtazama baba mkwe amefunua mdomo kama kiboko. Nilisikia Helen akimpelekea kile kifurushi, na yeye akiuliza, "Sasa mimi nikiweke wapi?"

Benta alisema tutafanya upande mmoja, kisha nirudi kwa upande wa pili. Akaanza wa kulia, juu na chini, mpaka katikati. Sindano ya ganzi iliuma, kisha shavu likawa si langu. Kwanza mashine, inalia kama mbu na kutema maji. Halafu vyuma vya mkono vilivyopinda. Hivyo ndivyo vilivyoshuka chini. Sikusikia uchungu, nilisikia sauti, ndani ya kichwa, kama mtu anakwangua sufuria ya ugali ulioungua. Akikwangua, anapangusa chuma kwa kitambaa cheupe. Akanionyesha. Vipande vyeusi, kama makaa yaliyosagwa.

"Yote haya yalikuwa kwangu?"

"Na upande wa pili bado," akasema.

Helen alitaka nilale kwake. Mzee halali katika nyumba ya binti aliyemwoza. Nilirudi jioni ile ile, mdomo umelala upande mmoja, mate yakinishuka kwa kola.

Mambo yakaharibika nyumbani.

Uvimbe uliisha, ufizi ukanywea. Meno ya kulia yakaonekana marefu kama ya farasi, na kati yake mapengo. Maji ya baridi yakawa kama sindano. Nikaenda bomani, nikasimama nyuma ya maksai, nikapiga mluzi.

Ikatoka hewa. Fyuu, basi. Nikajaribu tena. Fyuu.

Chifu aligeuza kichwa akaniangalia kama mgeni aliyepotea njia. Karani akalala chini.

Dishon alikuwa ameegemea ua. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Gisiri! Yale mawe ndiyo yalikuwa simenti! Umeenda mpaka Homa Bay kumtafuta mtu wa kubomoa ukuta wako!"

Habari ikafika sokoni kabla yangu. Maranga mng'oaji akaniambia kwa heshima kabisa kwamba koleo zake ziko tayari. Mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta tumbaku, ukakuta mfuko mtupu. Nikaanza kufikiri kwamba Dishon amesema kweli. Nilikuwa nimemzika mke, na sasa nimejiharibia mluzi kwa hiari yangu. Mvua ilikuwa karibu.

Wesley naye hakulala. Alikuja na mtu, Onchiri, mnunuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Kisii. Onchiri hakusalimu vizuri. Aliingia bomani akamshika Chifu nundu.

"Mzee, huyu amechoka."

"Toa mkono."

"Lakini kijana wako amesema unauza."

"Kijana wangu anauza spea. Mwulize bei ya plagi."

Onchiri akamwangalia Wesley. Wesley akanivuta kando. Sauti yake ilikuwa chini.

"Tata, mluzi umeisha. Hata kama ungekuwepo, mama hayupo. Nani atatangulia mbele?"

Nilifungua boma, nikawatoa maksai, nikaenda nao malishoni, nikakaa huko mpaka Onchiri alipochoka kungoja.

Niliporudi, Wesley bado yupo. "Basi angalau usirudi kwa yule mama," akasema. "Atakumalizia na upande uliobaki."

Nilikuwa sijaamua. Aliposema hivyo, nikaamua.

Nilipofika Homa Bay sikumsalimu Benta. "Umeninyang'anya mluzi," nikamwambia.

Hakukasirika. "Wengi hawarudi," akasema. "Wanaona mapengo, wanakimbia, wanabaki nusu kinywa. Kaa."

Akanipa kioo. Akapitisha kile kijiti upande wa kulia. Safari hii kilisimama mapema. Hakukuwa na damu. Akapitisha upande wa kushoto. Kikazama, damu ikaja, ile ile ya mahindi ya kuchoma.

"Sasa yashike mwenyewe. Kulia kwanza."

Nikayashika kwa vidole, moja moja. Yalikuwa marefu, mabaya, na yamesimama. Nikashika ya kushoto. Yalitikisika.

"Mapengo hayo sikuyachimba mimi," Benta akasema. "Yalikuwepo. Yalijaa mawe na uvimbe. Wewe ulikuwa unapigia mluzi juu ya uchafu, jaduong'. Sasa utapigia juu ya meno."

"Na mluzi utarudi?" nikauliza.

"Mluzi sijasomea."

"Fanya kazi," nikamwambia, nikafungua mdomo.

Upande wa kushoto ulikuwa mgumu zaidi. Lile jino linalocheza alilikwangua kwa upole, huku amelishikilia kwa kidole. Alipomaliza likawa bado linacheza kidogo. Alisema liachwe, lijishike lenyewe. Akanionyesha jinsi ya kupiga mswaki, na kaburashi kadogo ka kupitisha kwenye mapengo. Nilijiona mjinga, mzee wa umri wangu kufundishwa kuosha mdomo. Nilijifunza.

Nyumbani nilikaa na mluzi kama mtu anayekaa na mgonjwa. Ulimi ulizoea kusimama mahali fulani, na mahali hapo sasa pana upepo. Nikausogeza. Nikausukuma chini. Asubuhi moja nikiwa nakamua, ikatoka sauti. Haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito, na mwisho wake una mkwaruzo. Lakini ilikuwa sauti. Ng'ombe niliyekuwa nakamua akapiga ndoo teke.

Maksai hawakuijua. Niliwapigia mluzi mrefu, wakatafuna tu.

Basi nikawafunga nira bila plau. Nikachukua kamba, nikaenda mbele, mahali pa Mokami. Sikuwahi kutembea mahali hapo. Ukiwa mbele, unasikia pumzi zao shingoni. Hakuwahi kuniambia. Nikapiga mluzi mrefu, nikatembea, wakanifuata kwa sababu ya kamba. Mluzi mfupi, nikasimama, wakasimama. Kwenda na kurudi, kwenye ardhi kavu, kila asubuhi.

Dishon alipita. "Gisiri, unalima upepo?"

"Nafundisha. Wewe nenda kafundishe fizi zako kutafuna."

Alikaa kando ya shamba akaangalia mpaka jua likawa kali. Hakucheka tena siku hiyo. Mara moja aliniuliza kama Benta anaweza kumfanyia mtu asiye na jino. Nikamwambia amechelewa.

Mvua ikanyesha. Ardhi ikalainika. Nikafunga plau, nikasimama nyuma.

Mbele hapakuwa na mtu. Pale nilipozoea kuona mgongo, niliona shamba mpaka kwenye kaburi. Nikashika plau kwa nguvu zaidi kuliko inavyotakiwa.

Nikapiga mluzi.

Sikio la Chifu likasogea. Hakwenda. Nikapiga tena. Karani ndiye aliyeanza. Akamvuta mwenzake, nira ikalia, plau ikaingia ardhini. Tulienda. Kufika pembeni nikapiga wa kukatakata, na hewa nyingi ikapita kwenye mapengo, ukawa mbaya, lakini wakageuka. Waligeuka kwa mapana, wakaacha kipande kikubwa bila kulima, wakarudi. Lile jino la kushoto niliusikia mluzi ukilitikisa. Likakaa.

Wesley alifika tukiwa mstari wa tatu. Alikuwa na simu mkononi, nadhani alitaka kumpigia mtu wa trekta. Alisimama juu ya nyasi akaangalia plau ikipita.

"Tata," akasema, "mistari imepinda."

"Naona."

"Mama alikuwa anainyoosha."

"Mama yako hayupo. Nalima mimi."

Nikamwona anatazama kaburi, kisha maksai, kisha mdomo wangu.

"Mbegu ziko kwa ndoo, kando ya ua," nikamwambia. "Weka simu. Fuata mstari ulivyo."

Akavua viatu vyake vya mjini, akavipanga kwenye nyasi, akaingia kwenye matope. Mimi nikawageuza maksai.