Feni Iliyotupa Kisogo

Mwanangu, kuna adhuhuri moja ya Januari ambayo haijanitoka akilini, na nitakusimulia kama ilivyokuwa, hata kama bado inanipandisha hasira. Mimi si mzee. Sina mvi hata moja. Lakini nimelea mtoto ndani ya chumba cha mabati, na aliyepita hapo ana haki ya kumwambia mwenzake jambo.

Tulikuwa tunashona huku mtaani Lucky Summer, kwenye kibanda cha mabati kilichojengwa hatua moja kutoka ukuta wa ploti ya nyumba za kupanga. Mwenyewe alikuwa Fundi Mwangi, mwanamume mpole siku za baridi na mkali siku za joto. Ndani mlikuwa na mashini yake ya kufuma sweta, cherehani ya Mama Njoki, mama wa makamo aliyeshona sare za shule kule Majengo miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu, na cherehani yangu kwenye kona. Chini ya meza yangu, ndani ya katoni ya sabuni iliyotandikwa leso yangu ya kujifunga, alilala Wafula, mtoto wangu wa kwanza, hajaweza hata kukaa. Mume wangu alikuwa kibarua viwandani. Mama yangu yuko Bungoma. Kama mtoto hakai pale, na mimi sikai pale. Ilikuwa hivyo tu.

Sasa wewe fikiria. Sweta za shule hutakiwa lini? Januari, shule zikifunguliwa, jua likiwaka kama limetumwa. Yaani tulikaa ndani ya mabati, sufi zimejaa magotini, pasi ya makaa inawaka pembeni, tukitengeneza nguo za baridi. Na dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Wezi wa mtaa wetu walikuwa na mtindo wao: waya mrefu wenye ndoano unapenya dirishani, unavua sweta kama samaki, na mwenyewe yuko hapo hapo ameinamia kazi. Fundi alipovuliwa yake, akafunga dirisha, kisha akaziba kwa magunia hata ule mwanya wa juu pale paa linapokutana na ukuta. Alisema vumbi linaharibu sufi nyeupe.

Badala yake akaleta feni. Aliinunua sokoni Gikomba, feni ya mezani, akaiwasha kama mtu anayefungua kanisa. Kila mmoja alitaka imtazame yeye.

"Igeuze huku kidogo, Fundi, mimi ndiye mnene," Mama Njoki akasema.

"Unene ni wako, feni ni yangu."

Ile feni ilikuwa inatukoroga tu. Inachukua joto la pasi, inakutupia usoni, inalichukua tena. Shuleni tulifundishwa kwamba hewa ikipata moto hupanda juu, na mle ndani hukuhitaji cheti kulijua hilo. Ukisimama juu ya kiti, masikio yalikuwa yanachomeka. Joto lilikuwa limepanda na halina mlango. Nikamwambia Fundi atoe yale magunia. Akacheka.

"Mwalimu wa sayansi, shona."

Nikashona.

Siku hiyo ninayokuambia, Wafula alikuwa amevaa sweta, kofia ya sufi, na shali juu yake. Ndivyo tunavyofanya sisi, hata jua likipasua mawe. Ukimwacha mtoto wazi, kila mama anayepita atakuuliza kama unataka apate kichomi. Niliinama kumtoa nimnyonyeshe. Uso ulikuwa wa moto na mkavu, na nilipomwinua kichwa kikaanguka nyuma. Hakulia. Mtoto anayelia hanitishi. Yule asiyelia ndiye.

Sijui kama nilipiga kelele. Ninachojua ni kwamba Mama Njoki alimnyakua, akatoka naye nje upande wa kivuli, akaanza kumvua. "Leta maji! Yasiwe baridi sana! Nguo toa zote, zote!" Akampangusa shingoni na makwapani kwa kitambaa chenye maji, akimpepea kwa kipande cha katoni. Wafula akafungua macho. Nikampakata, akatafuta ziwa, akanyonya kama aliyekasirika. Hata hivyo tulimkimbiza kliniki. Nesi akampima, akamtazama kwa muda, akasema tumewahi, kisha akauliza ni nani alimvisha hivyo mwezi kama huu.

Niliporudi kibandani, Fundi akaniambia, "Pole, Mama Wafula. Lakini umeona mwenyewe, hapa si mahali pa mtoto."

Hapo ndipo nilipochukua nyundo yake. Nilipiga zile mbao za dirisha mpaka zikatoka na misumari yake, nikapanda juu ya meza, nikang'oa magunia. Vumbi likatumwagikia sote. Mtu akisimulia mambo kama haya, watu hutarajia aseme alijuta. Sikujuta.

Ila kesho yake tukila githeri ya mahindi na maharagwe, waya ukaingia dirishani na kwenda na sweta ya mteja. Fundi aliokota misumari sakafuni, akaanza kuinyoosha kwa nyundo, mmoja mmoja. Nikajua mbao zikirudi, mimi na katoni yangu tunatoka.

Mama Njoki akaweka sahani chini.

"Nyinyi wawili mnanichosha," akasema. "Wewe Fundi, ulitaka kumfungia mwizi nje, ukatufungia sisi ndani. Yule mtoto angekwenda, ungemwambia nini mama yake? Kwamba sufi ni safi? Na wewe, usinitolee macho. Umefungua dirisha kwa hasira, sawa, lilihitaji kufunguliwa. Halafu ukaenda zako ukaliacha wazi. Kazi ya hasira iliisha jana, mama. Leo tunataka waya ya kuku, ile ya wavu."

"Ya nini?" Fundi akauliza.

"Ya dirisha. Ndoano hata ikiingia, sweta itatokea wapi? Kwa tundu la kupitisha kidole?"

Fundi alitaka kubaki amenuna, akashindwa, akacheka.

Tulifanya ile kazi sisi wenyewe. Upande wa ukuta wa ploti, ambako kivuli hakiondoki mchana kutwa, Fundi alikata tundu pana karibu na sakafu. Mwanya wa juu, upande wa pili, ukabaki wazi. Dirishani, kwenye tundu na kwenye mwanya tukapigilia waya wa kuku uliokunjwa maradufu. Pasi ya makaa tukaitoa nje chini ya kibaraza, maana yale makaa hayakuwa yanatupa joto peke yake. Hewa yake chafu ndiyo iliyotupa pia yale maumivu ya kichwa tuliyodhani ni ya njaa. Paa tukalipaka chokaa, weupe wake urudishe jua. Mvua huiosha, unapaka tena.

Kisha nikachukua feni, nikaiweka kwenye rafu ya juu, nikaielekeza nje ya ule mwanya.

"Haki ya Mungu," Fundi akasema, "feni yangu imetupa kisogo! Nimeinunua ipepee majirani?"

"Ngoja."

Nilifunga uzi wa sufi kwenye waya wa lile tundu la chini, nikawasha feni. Uzi ulining'inia kidogo, kisha ukainuka ukaelekea ndani na kubaki hivyo. Joto lilikuwa linasukumwa nje kule juu, na hewa ya kivulini inaingia chini kuchukua nafasi yake. Fundi akachuchumaa, akaweka uso pale. Akakaa hapo muda mrefu.

"Ni baridi, bana," akasema. Kisha akainuka, yeye mwenyewe akaisogeza katoni ya Wafula, kando ya lile tundu, si mbele yake.

Wafula alilala mchana ule na fulana peke yake.

Basi, mwanangu, ukifungua kibanda chako, kabla ya kununua feni tafuta joto linatoka wapi na litatokea mlango gani. Lipe joto mlango juu, na uifungulie hewa mlango chini upande wa kivuli. Matundu hayo yatakufaa hata siku umeme ukipotea. Moto wa makaa usikae nawe ndani. Mwizi mwekee waya, usijizike ndani kwa ajili yake. Mtoto mvishe kwa jua analoliona, si kwa maneno ya wapita njia. Na ukikasirika, kasirika, hata nyundo ishike, lakini usiondoke kabla hujamaliza kazi uliyoianza.

Mungu akupe kazi, na penye kazi akupe hewa. Awape wanao afya. Na yule mdogo utakayemlaza chini ya meza yako, ajaliwe kulia kwa sauti, mtaa mzima usikie.