Wingu Lililopanda Nasi

Kuna wingu lilinifuata wiki sita. Kila nilipopanda angani nililikuta juu yangu, mita mia tisa kamili.

Msicheke kwanza. Akili zangu timamu, na vyeti ninavyo.

Kazi yangu ni kupima mawingu membamba ya juu kabisa, yale ya barafu ambayo ukiwa chini huyaoni hata ukodoe macho. Tunapanda na ndege ndogo, setilaiti inapita juu yetu saa saba na nusu mchana, halafu tunalinganisha: yenyewe imeona nini, sisi tumeona nini. Kifaa changu kinapiga leza kwenda juu kupitia kidirisha cha kioo kwenye paa la ndege. Mwanga ukigonga wingu, unarudi.

Rubani alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Mtu wa masihara.

Siku ya kwanza kulinasa wingu lile, setilaiti ilisema hapo juu hakuna kitu. Peupe.

"Labda limeona haya," shemeji akasema.

Mimi nikaona nimeula. Setilaiti nzima hailioni, mimi nimeliona. Bosi wetu, mama mkali asiyejua kusifu mtu, alinipigia simu nyumbani kunipongeza. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kila safari likawepo, na kila safari likazidi unene. Nikitaka tulisogelee, namwambia shemeji:

"Panda kidogo, tulifikie."

Anapanda. Nalo linapanda. Mita mia tisa.

Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaandika daftarini: wingu linahama.

Safari ya kumi na moja tulipanda kuliko siku zote. Alama kwenye skrini ilikuwa nene kuliko wingu lolote nililowahi kupima. Ndipo nikakumbuka somo la mwanzo kabisa: mwanga ukigonga kitu kilicho karibu mno, kifaa kinapofuka kidogo, kisha kinaonesha wingu la uongo, umbali uleule siku zote.

Kitu cha karibu. Kati ya leza yangu na anga kulikuwa na kioo tu.

Nikachungulia pembeni ya kifaa kwa tochi. Kidirisha kile ni vioo viwili vilivyoachana kidogo. Katikati palikuwa na barafu imetanda, na unyevu wa pumzi zetu hauwezi kuingia mle ukaganda kama kioo cha ndani hakijapasuka. Tulikuwa tumebakiwa na kioo kimoja cha nje kuzuia hewa yetu isifyatuke nje.

Kila Jumatatu kuna fomu ya ukaguzi. Kukagua kioo lazima ufungue kifaa chote, skrubu ishirini na nne. Mimi nilikuwa natia tiki huku nakunywa chai.

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Tulikuwa watatu mle ndani pamoja na rubani msaidizi, dada yangu mjamzito yuko nyumbani, na mimi nawaza kibarua changu. Naona aibu kuandika haya.

"Shemeji," nikasema, "shuka. Taratibu. Kioo cha juu kimepasuka, na sijakikagua tangu tuanze."

Ndege ikaanza kuinama.

Tulipotua, fundi alikitoa kioo cha nje. Nacho kilikuwa na ufa, umetoka ukingoni unaelekea katikati. Akatuonesha vimistari vidogo vilivyoukata ufa ule.

"Ufa unakua kwa vituo, kila kimstari ni kituo kimoja," akasema. "Mkipanda juu zaidi, presha ya hewa ya ndani inausukuma. Mkishuka, unasimama."

Akahesabu vituo. Saba.

Shemeji akafungua kitabu chake cha safari, akapitisha kidole kwenye kila mahali nilipomwomba apande. Akahesabu mara mbili.

"Saba," akasema. Akakifunga. "Dada yako utamwambia mwenyewe. Leo."

Nilikwenda. Mtoto sasa anatembea, na dada bado hajaniongelesha.

Wewe unayesoma, najua kuna fomu kazini kwako unayoijaza kwa mazoea. Kesho kabla ya tiki, nenda kaangalie. Na ukijikuta peke yako unaona kitu ambacho wengine wote hawakioni, usikimbilie kujipongeza.