Mama wa Saruji wa Njia Panda

Mimi ni fundi wa saruji, na kwa miaka mingi nilijenga makaburi na ngazi za kanisa bila kumkosea mtu. Kilichoniponza ni simu. Nilianza kuangalia sanamu za ajabu za nchi za watu: kidole gumba kirefu kuliko nyumba, buibui wa chuma uwanjani, mtu anayechomoza nusu kwenye shimo la majitaka, na watalii wamejipanga foleni kupiga picha. Nikajisemea, hata kwetu Ihembe, huku Karagwe, watalii hupita, ila hutuachia vumbi tu.

Kamati ya kijiji ilikubali tujenge sanamu njia panda. Nikamchagua mama yangu. Kwetu mgeni akifika hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, na hakuna nyumba iliyosifika kwa hilo kama yake. Alipiga magoti, akanyoosha mkono wa kulia wenye buni kiganjani, nami nikasogea pembeni yake nikiinua simu ili tutokee wote kwenye picha. Nikaifuata picha ile miezi miwili, kunjo kwa kunjo, mpaka mama akawa mkubwa kuliko lori.

Siku ya kuifunua, turubai lilipodondoka, akina mama wa kwaya walianza vigelegele, kisha vikakatika. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akauliza kwa sauti, "Mbona anatupa kahawa kwa mkono wa kushoto?"

Nikaangalia. Kamera ya mbele ya simu yangu hugeuza picha kama kioo, na mimi, niliyechapwa utotoni kwa kupokea chakula kwa kushoto, sikuona. Mama yangu alikuwa amepiga magoti barabarani akiwatukana wageni wote wa Karagwe. Mtu mzima ovyo mimi!

Ningesema nimekosea, yangeisha kwa kicheko. Badala yake nikajibu, "Mama ni wa mkono wa kushoto. Nimemchonga alivyo."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, na kitenge chake kipya. Alinitazama, akainamisha macho. Naona aibu hata kuandika.

Watalii waliipenda. Hushuka kwenye magari, wakakaa kwenye kiganja kile na kucheka, maana wao kushoto na kulia yote sawa. Lakini majirani hawakunisadiki hata kidogo. Wametafuna kahawa kutoka mkono wa kulia wa mama tangu sijazaliwa. Sokoni wakaanza kuniita fundi mwongo, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha, na mtu wa Kamuli aliyenipa kazi ya kujenga tangi la maji akaniambia atafikiri upya.

Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wa kwaya walikuja nyumbani. Nami nilikuwepo. Mama akatoka na kikapu chake kidogo, akapiga magoti mbele ya yule jirani, akachota buni kwa mkono wa kushoto. Mkono haukuzoea. Nusu zilimwagika mkekani.

"Karibuni, wageni," alisema, kama anatania, lakini uso haukucheka.

Jirani hakupokea. "Mwenzetu," akamuuliza polepole, "umekuwa wa kushoto tangu lini?"

"Tangu mwanangu aliposema."

Jirani akanitazama, wote wakanitazama. Nikaokota buni mkekani, moja moja, nikazirudisha kikapuni.