Ua Halina Kesi

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilianza na umande, na kama ningengoja jua lipande kidogo nisingekuwa na la kukusimulia leo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kungoja sikukujua.

Jana nimekusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako, "Si hakuna kilichotokea? Basi wacha iende." Sikuuliza mlikuwa mkizungumzia nini. Mimi si mpelelezi. Ila maneno hayo nayajua, niliwahi kuyasema mwenyewe, tena kwa sauti hiyohiyo ya kujifariji. Kaa hapo. Chai itapoa, na ikipoa utainywa hivyohivyo.

Wakati huo Kiamunyi hapa hapakuwa na mtaa wala nini. Mimi niliishi kwenye shamba la mzungu juu ya Elburgon, ukielekea Keringet, mahali pa baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Babu yako alikamua ng'ombe, mimi nilichuma pareto. Wewe pareto huijui. Ni ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano, zuri la kupiga picha, na likikaushwa na kusagwa huua wadudu: mbu, nzi, kunguni, wote. Lilipelekwa ng'ambo kwa magunia, huko wakalitengenezea dawa ya kupuliza.

Sasa, pareto haichumwi na umande. Ua lenye maji likirundikwa hupata moto lenyewe, likaoza, na likaozesha ya wenzio. Kila mtu alijua, hata mimi. Siku hiyo nilitaka tu kumaliza mapema, nikaingia mistarini kabla ukungu haujainuka, na kikapu changu kikajaa wakati wengine ndio wanaanza. Tulipofika kwa nyapara, mwanamke aliyechuma mstari wa kando yangu, Wanjiru, alitia mkono kikapuni mwangu akautoa umelowa. "Haya yataharibu ya wote," alisema. Nyapara akayamwaga maua yangu chini mbele ya wanawake wote, nao wakacheka. Wanjiru hakucheka, lakini niliyemchukia ni yeye.

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo liliniuma. Uongo ungenipa la kujibu.

Siku zile zilikuwa za Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mmesoma shuleni, sitarudia. Wakikuyu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali ya kikoloni, wengine wakipelekwa kizuizini, na mara nyingine neno moja la jirani lilitosha. Wapiganaji walikuwa msituni, na yeyote aliyesemekana amewapelekea chakula, kwisha yeye. Wanjiru alikuwa Mkikuyu. Mumewe alikuwa amekwisha chukuliwa, akabaki na mtoto wa kike wa miaka minne. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu magharibi, kwa Wabukusu. Lori halikunihusu.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa nyapara nikamwambia nimemwona Wanjiru akiingia msituni na kikapu. Kikapu nilikiona kweli. Alikuwa akienda kuchuma thabai, yale majani yanayowasha ambayo wenyewe huyaponda na viazi, na nilijua hivyo vizuri, maana alishawahi kunigawia. Nilisema nusu, nikainyamazia nusu. Nyapara alikuwa akila. "Lisemwalo lipo," alisema, akamega tonge lingine, nikaondoka. Wazee wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole unalifunga kitambaa, mwanangu, yakaisha.

Asubuhi hasira ilikuwa imekwisha, kama hasira zote. Nikataka kurudi kwa nyapara kumwambia nimekosea, nikaona haya, nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Kila gari lililonguruma barabarani nililitazama mpaka lipite. Siku ya tano lori likaja. Askari akashuka na karatasi, akasoma majina, wakapakia familia tatu za mstari wa juu wa vibanda vya wafanyakazi pamoja na kuku wao. Wanjiru alisimama mlangoni kwake na mtoto kiunoni, na jina lake halikusomwa. Lori likageuza, likaenda.

Nilifurahi. Kwamba familia tatu zimekwenda, hilo sikuliona hata kidogo, na aibu hiyo nayo ninayo mpaka leo. Nilisimama katikati ya pareto nikasema kwa sauti, hakuna kilichotokea.

Hapa lazima nikwambie habari za Mzee Piyasena, aliyelinda tanuri la kukaushia maua. Watu walimwita Mhindi, naye hakuchoka kusema hapana, yeye ni wa Siloni, kile kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Alikuja na kazi ya reli angali kijana, akazeekea huku. Hakuwa Mkristo, hakuwa Mwislamu, wala hakufuata miungu ya Wahindi. Alimfuata Buda, na usidhani ni hawa wazee wa mtaani mnaowaita mabuda. Buda wake alikuwa mtoto wa mfalme, zamani sana, kabla ya Yesu. Alilelewa asione baya lolote. Siku moja akatoka, akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, na tangu hapo chakula cha nyumbani hakikumpita kooni. Akaacha ufalme, akaacha mke na mtoto, akazunguka, akafunga mpaka mbavu zikahesabika, akaona hata hilo halisaidii, akaketi chini ya mti mpaka akaelewa.

Nilimuuliza alielewa nini. Mzee akasema: kwamba kila kilichoungana kitaachana, na kwamba tunaumia kwa sababu tunang'ang'ania. Nikaona ni kidogo kwa mtu aliyeacha ufalme. Siku hizi sioni kidogo.

Alikuwa na kisanamu cha shaba kwenye rafu, na kila asubuhi aliweka ua moja mbele yake. Hakukiomba kitu. Aliliangalia ua likinyauka, akasema kuliangalia ndiyo sala yenyewe. Wanawake wa kanisani walinong'ona. Mimi nilikuwa nimebatizwa juzijuzi na niliogopa kidogo, lakini kwenye tanuri kulikuwa na joto, na baridi ya kule ilinishinda kuliko hofu.

Tena alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Kabla ya kutia gogo motoni aliligonga chini mara tatu, akaliweka kando, akangoja. Sisimizi wakatoka, mchwa, mara mjusi. Walipokwisha kutoka ndipo alitia. Nyapara alimgombeza kila siku kwamba moto unachelewa. Mwanamke mmoja alimtania mbele yetu: "Mzee, unamwokoa sisimizi mmoja kwenye kuni, na ua unalokausha litaua ndugu zake elfu?" Tulicheka sana. Yeye alisema tu, "Nalijua hilo, mama. Silali nalo vizuri."

Basi lori lilipoondoka nilitaka kumshukuru mtu. Mchungaji angeniuliza ninashukuru nini. Nikachuma kitita cha pareto, safari hii kavu, zile nzurinzuri, nikazipeleka tanurini nikazipanga mbele ya Buda wa shaba. Mzee Piyasena alitazama, akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

"Nekesa, umemletea maua ya kuua?"

Nikaelewa nilichofanya. Yule bwana hakutaka hata sisimizi afe, nami nimemletea sumu nikaipanga vizuri. Nilinyoosha mkono niyaondoe, akanizuia.

"Acha. Ua halina kesi. Limechanua tu, halikukusudia kumuua yeyote. Mwenye kesi ni mimi ninayelikausha nikijua linakokwenda." Halafu akauliza, "Unashukuru nini?"

Nikamwambia yote, kikapu, nyapara, thabai, lori. Moyo ulikuwa mwepesi, maneno yalitoka yenyewe. Nikamalizia, "Lakini Mungu ni mkubwa, Mzee. Hakuna kilichotokea."

Mzee alichukua gogo, akaligonga chini mara tatu, akaliweka kando, tukangoja. Sisimizi wakaanza kutoka kwa mstari.

"Nikilitia bila kujua wamo," alisema, "watakufa, nami nitasikitika. Nikijua wamo nikalitia, na kumbe walishatoka, hakuna atakayekufa. Niambie, wapi nimeua?"

"Sijui, Mzee."

"Unajua. Buda alifundisha kwamba tendo ni nia. Wewe ulimtia Wanjiru motoni. Kwamba hakuungua, hilo si lako, usilishukurie."

Hakupandisha sauti. Angenikaripia ningelia, na nikishalia ningejiona nimelipa. Nikamuuliza nifanye nini, nikatumaini ataniambia niwashe mshumaa au nifunge siku tatu.

"Usilete maua hapa. Miguu iliyokupeleka kwa nyapara inajua njia. Nenda kwa Wanjiru, ni karibu zaidi."

"Nikimwambia nitamuumiza bure. Yeye hajui."

"Hajui?"

"Hajui."

"Basi nenda ukajue wewe," alisema, akalitia gogo.

Nilimkuta Wanjiru mlangoni kwake, jua likiwa bado juu ya msitu. Alikuwa akichambua thabai, amejifunga kitambaa mkononi asiwashwe. Nyuma yake, ndani, niliona mzigo umefungwa kwa kamba ya mkonge, na sufuria moja juu yake. Nikasema nikiwa nimesimama, yote, bila kuyapamba. Hakuacha kuchambua.

"Nyapara aliniambia siku ileile," alisema. "Kwamba mtu amenitaja. Hakusema ni nani."

Akavuta jani lingine.

"Siku tano nimelala na nguo zangu, na mtoto na zake. Sijala kwa mtu. Nilidhani ni dada yangu wa mstari wa chini, maana yeye ndiye alinisindikiza msituni. Jana amenisalimia mara mbili, sikumwitikia." Akamalizia jani la mwisho, akafungua kitambaa mkononi. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi leo nitafungua huu mzigo."

Nilisubiri anitukane, na ingekuwa nafuu. Aliinuka akaingia ndani. Nilikuwa nimefika njiani aliponiita.

"Nekesa. Kesho ngoja umande ukauke."

Hakuna zaidi ya hapo. Hakusema amenisamehe, na sikumsumbua kwa hilo. Tulichuma mistari ya kando kwa kando, tukiongea ya kazi. Nyapara naye sikumuuliza kwa nini hakuyafikisha maneno yangu, naye akafa bila kuniambia. Miezi michache baadaye Wakikuyu wote wa shamba lile walipakiwa, bila kutajwa na mtu, amri tu ilitoka. Nilimbebea Wanjiru mzigo wake mpaka kwenye lori. Kamba niliijua. Akanipa mkono, akapanda karibu na dada yake, na sijamwona tena.

Mzee Piyasena aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Alisema amechoka kukausha kifo cha wengine, anakwenda Dar es Salaam, ambako watu wa kwao walikuwa na hekalu lao na mti wa aina ileile aliouketia Buda. Kisanamu aliondoka nacho. Mimi sikuacha kanisa, na hakuniambia niache. Ila miaka yote niliyopikia kuni nilizigonga kwanza, na babu yako alinicheka mpaka akazikwa. Nyinyi mna gesi, hamna cha kugonga. Labda ndiyo maana lazima niseme kwa mdomo.

Sikiliza basi. Ukifanya jambo baya na likashindikana, usijihesabu msafi. Ukimuumiza mtu bila kukusudia, sikitika, mpe pole, rekebisha, lakini usijiite muuaji, wewe ni kama lile ua. Kabla hujafungua mdomo juu ya mwenzako, gonga kwanza ungoje kidogo, uone kinachotoka ndani. Mara nyingi kitakachotoka ni aibu yako mwenyewe inayotafuta wa kumbebesha. Na lile neno la jana, mwanangu, usiliseme tena kabla hujaenda kumuuliza yule ambaye baya hilo lingempata. Wewe utakuwa umelala vizuri siku tano. Yeye huenda amelala na nguo.

Chai imeshapoa, kunywa. Halafu Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe: akutie uzito miguuni kila unapoelekea kwa nyapara, akuondolee uzito huo kila unapoelekea kwa Wanjiru, na yeyote uliyemkosea akukute mlangoni kwake kabla hajamaliza kufunga mzigo.