Yanayosemwa kwenye Kiti cha Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na hiyo ndiyo asili ya presha yangu. Kutwa watu huketi kwenye kiti chake, wakafumba macho, wakamwaga yote yaliyo moyoni, naye jioni hurudi nyumbani kimya kama maji mtungini. Nikimchokonoa hunijibu, "Mke wangu, yanayosemwa kitini hufagiwa pamoja na nywele." Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijaambulia umbea hata wa kijiko.

Ndipo likaja suala la kituo. Bohari la magodoro mwisho wa mtaa wetu liligeuzwa mahali pa kuwapokea wavuta unga na watu wasio na pa kulala. Mtaa ukawaka moto. Mwenyekiti akaandika barua ya kutaka kifungwe, na kila aliyepita akasainishwa. Mimi sikusaini. Msinione mwema: mdogo wa mume wangu alikuwa mle, wiki ya sita bila kugusa unga. Kituo kikifungwa angerudi kulala stendi, na safari hii tungeitwa kumtambua mochwari. Shemeji yangu nilimpenda sana, mradi akae huko huko.

Mume wangu naye kila Jumatatu alikwenda kuwanyoa bure. Wateja wakanuna.

"Mashine ni hii hii unayotupitishia sisi?" fundi viatu aliuliza.

"Hapana. Ya kule ndiyo mpya."

Kikao kikaitwa Jumamosi mchana, darasani, watu wazima na vitambi vyetu tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti akaisoma barua kwa sauti ya kukemea mapepo. Wizi! Sindano! Watoto wetu! Makofi yakarindima. Kabla ya kura, mume wangu, ambaye hata siku ya harusi yetu alisema "ndiyo" kwa kusukumwa, akasimama.

"Kuna mtu humu aliniomba nimuulizie nafasi kituoni, ya mtoto wake. Simtaji. Nafasi imepatikana. Sasa nauliza tu: nimwambie amlete, au asimlete?"

Loo! Aliniapia baadaye kwamba alimkusudia mtu mmoja tu. Wengine walionong'ona ombi hilo hilo alikuwa amewasahau, maana yeye akisema anafagia, kweli anafagia.

Muuza mkaa akainama kufunga kamba za viatu, na miguuni alivaa ndala. Fundi viatu akapaliwa na mate yake mwenyewe. Mwenye duka la dawa akaanza kuchunguza dari. Nikahesabu saba, kila mmoja akidhani ametajwa yeye. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Umbea wa miaka kumi na tisa ulinijia kwa mkupuo.

"Amlete," mwenyekiti alisema. Barua alikuwa ameshaikunja ikawa ndogo kama tiketi. "Amlete kesho."

Kura haikupigwa. Kesho yake asubuhi mimi na mume wangu tulikuta foleni mlangoni pa kituo, mwenyekiti mbele kabisa, amemshika binti yake mkono. Nesi akasema nafasi ni moja tu. Binti akaingia, na zogo likazuka upya: waliotaka mlango ufungwe sasa wanaugombania!

Shemeji akatoka ndani na mfuko wa plastiki mkononi. Akamnyooshea kidole kijana wa fundi viatu, aliyekuwa anatetemeka ukutani.

"Huyu apewe kitanda changu." Kisha akanigeukia mimi, si kaka yake. "Nesi anasema naweza kwenda nyumbani, shemeji. Kama nyumba ipo."

Mtaa mzima ukanikodolea macho, kama nilivyowakodolea wao jana. Nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia.

"Naogopa," nikamwambia mbele ya wote.

"Hata mimi, shemeji."

Nikampokea mfuko. Ulikuwa na suruali moja tu.