Nilivyoifungia Pijo yangu breki za diski nyuma, ikanikimbia na mama mkwe ndani

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Hii si stori ya kuhadithiwa. Aliyekuwa anaikimbilia gari na ndara mkononi pale gatini Mtangawanda ni mimi mwenyewe.

Nina Peugeot 504 pickup ya zamani hapa kisiwani Pate. Magari huku ni ya kuhesabu, kwa hiyo Pijo yangu inajulikana mpaka na punda.

Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za drum. Na huku maji ya chumvi na mchanga vikiingia kwenye drum, breki inakuwa na tabia zake. Leo inashika, kesho inafikiria kwanza.

Nikaingia YouTube. Nikamwona mzungu mmoja anageuza drum kuwa diski, anapiga mluzi, mikono haina hata grisi. Nikajisemea, hiyo kazi ni ya jioni moja.

Ikaenda karibu mwezi.

Nilinunua diski na kaliper, vile vibano vya breki, za mbele za saloon iliyogongwa Mombasa, zikaja kwa boti. Fundi akachomelea bracket za kuzishikilia nyuma, nikatoa upepo kwenye mfumo wa breki, nikaijaribu kwenye njia ya Siyu. Wakuu, ile gari ilisimama hadi kofia yangu ikaruka dashboard!

Sasa kuna kitu kidogo. Kaliper za mbele, hata ukizifunga nyuma, hazina mahali pa kushika waya wa handbrake, breki ya mkono. Ule waya nikaukunja, nikaufunga kwenye chasi. Mke wangu Mwanaisha akauliza, "Na ukiegesha mlimani?"

Nikamwambia, "Pate ina mlima gani?"

Nilijiona mjanja.

Mama mkwe, Bi Zainabu, alikuwa Lamu kufanyiwa operesheni ya jicho. Daktari alimtoa na onyo moja tu: asishtuliwe. Nikajitolea kumpokea kwa gari, maana nilitaka azionje zile breki.

Boti ikafika. Nilikuwa nimeirudisha Pijo kinyumenyume karibu na gati, pale barabara inapoteremka. Nikamkalisha Bi Zainabu mbele, jicho moja limefunikwa, nikazima injini, nikaiacha kwenye gia ndiyo iishike, nikaenda kuchukua mizigo.

Gia ya Pijo yangu iko kwenye usukani na imelegea kwa uzee. Mama naye alikuwa na mkoba mzito, akatafuta pa kuutundika. Akaona kile kijiti kimejitokeza, akaona hapo panafaa.

Gia ikatoka.

Nikasikia watu, "Gari! Gari yaenda!" Nikageuka. Pijo inarudi nyuma polepole kuelekea baharini, na mama mkwe ameketi wima kama anapelekwa harusini.

"Mama, vuta handbrake!"

Nilikuwa nakimbia, ndara mkononi, na maneno yalinitoka kabla ya akili.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, kwa hiyo alijua handbrake ni ipi. Akavuta kwa mikono miwili. Ikaja juu yote, nyepesi kama mpini wa mwavuli.

Wakuu, waya wake si nilikuwa nimeufunga kwenye chasi!

Kilichomwokoa si diski wala mimi. Mtu alikuwa ameshusha mawe ya kujengea pembeni mwa gati. Tairi ya nyuma ikapanda rundo, bodi ikalia, gari ikakwama. Bahari ilikuwa pale pale.

Nikamfungulia mlango. Jicho salama, bandeji iko mahali pake. Akanitazama kwa lile moja lililobaki.

"Mwanangu, hiki nimevuta chote. Chashika wapi?"

 Akashuka, akajifunga buibui vizuri, akaenda nyumbani kwa bodaboda. Mwanaisha alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu "sawa", na mliooa mnajua uzito wake.

Wiki ile ile nikarudisha drum.

Nilichojifunza: kusimamisha gari na kuliacha limesimama ni kazi mbili. Mimi nilinunua moja nikatupa nyingine. Ukitaka diski nyuma, anza na handbrake, uzuri baadaye.

Wenye Pijo au Datsun za kale, mlitumia kaliper za gari gani zenye handbrake? Tupieni hapa. Video msinitumie.

Bi Zainabu amenisamehe, alhamdulillah. Ila kila mgeni akija anamwambia, "Mkwe wangu ana gari ya breki nzuri mno. Zataka tu dereva awe ndani."